Picha Inasuasua, Steringi Anaivusha

Kimya kirefu kuliko vyote ninavyovijua katika sinema ya Tanzania ni cha miaka 20. Ndiyo miaka ambayo Samehe, mgonjwa wa akili katika filamu ya Maangamizi, amekaa hospitalini bila kutamka neno kabla sisi hatujakutana naye. Kazi ya kuubeba ukimya huo alipewa Amandina Lihamba, ambaye wengi wanamfahamu kama profesa wa sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbele yake waongozaji Martin Mhando na Ron Mulvihill wamemweka Dokta Asira, Mmarekani Mweusi anayechezwa na BarbaraO, mwenye maswali yasiyokwisha. Nyuma yake yuko bibi wa kale, mzimu anayekuja na kuondoka apendavyo, anayechezwa na Mwanajuma Ali Hassan. Daktari anataka mgonjwa aseme. Bibi anataka yaliyofukiwa yafukuliwe. Samehe yupo katikati, na hasemi.

Filamu hii inakwenda taratibu mno, tena ina kasoro za wazi. Ndoto inaingia juu ya ndoto, historia ya daktari inagombania nafasi na historia ya mgonjwa, na kuna mahali taharuki inalegea hadi mtazamaji anaanza kuangalia saa. Nimeitazama na watu walioomba isogezwe mbele. Lakini sikusikia mtu akiomba hivyo pale Lihamba alipobaki mwenyewe kwenye kamera. Mwigizaji aliyenyang'anywa maneno anabaki na macho, mabega na pumzi, na yeye alivitumia vyote bila kuvipoteza ovyo. Hakulia pale ambapo mwingine angelia. Alingoja. Kila daktari alipomsogelea ukahisi kwamba huyu mama anasikia kila kitu na ameamua, kwa sababu yake mwenyewe, kutojibu. Hapo ndipo taharuki ya filamu nzima ilipo. Hadithi yenyewe isingeweza kuitoa mahali pengine.

Mwaka 2001 Maangamizi ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar kwa upande wa filamu za lugha za kigeni. Haikuingia kwenye tano za mwisho. Ikapita zaidi ya miaka 20 kabla nchi yetu haijapeleka nyingine, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Pengo hilo nalo ni rekodi, ingawa si ya kujivunia.

Rekodi ninazozitaja hapa sikuzitoa kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Nyingine zina tarehe na tuzo zinazoweza kuthibitishwa na yeyote, nyingine ni hukumu yangu. Zote nazipima kwa kipimo cha Kurasini, kata ya Temeke inayopakana na bandari, ambako malori ya makontena hayalali na ambako filamu ilihukumiwa kwa miaka mingi ndani ya kibanda umiza.

Aliyewahi kukaa kwenye mabanda yale anajua nasema nini. Mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni imepandishwa juu kwenye kona, kitambaa kizito mlangoni kuzuia mwanga, na joto la watu waliobanana mabega kwa mabega. Mbele wamekaa watoto, nyuma makuli waliotoka zamu, pembeni wanafunzi wa Uhasibu na vijana wa Mivinjeni wasio na pa kwenda jioni ile. Sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Zaidi ya hapo, kila mtu alikuwa na haki ya kupiga kelele. Picha ikisuasua utasikia "peleka mbele!" kutoka benchi la nyuma, na mwenye banda asipotii, watu wanaanza stori zao.

Picha za nje zilikuwa na mkombozi wake: mtafsiri. Mashuhuri kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, ambaye sauti yake ilipanda juu ya filamu za Hong Kong na Marekani ikazifanya za kwetu. Pale ambapo picha ilipooza, yeye aliijaza. Mtu akitembea kimya kwenye korido, Lufufu alikwambia anawaza nini, anamdai nani, na huko mbele yatamkuta yapi. Ndiyo maana nasema waigizaji wa mwanzo wa Bongo movie walikuwa na mtihani mgumu kuliko unavyodhaniwa. Filamu ya Girlfriend ilipofungua soko mwaka 2003, na mwongozaji Mussa Banzi alipoanza kututisha na Nsyuka kisha Shumileta, wao walisimama mbele ya benchi lile lile la nyuma bila mtafsiri wa kuwabeba. Kasoro za hadithi, za sauti, za taa, zote ziliishia usoni mwa steringi.

Geti linalofunguliwa polepole kuliko yote

Kila aliyetazama Bongo movie za miaka ile analijua geti hilo. Gari linafika, linapiga honi. Kamera inaonyesha geti. Honi tena. Mlinzi anatoka kibandani, anavaa kandambili, anachungulia, anafungua upande mmoja, anarudi kufungua wa pili. Gari linaingia. Linaegeshwa. Mlango wa gari unafunguliwa, mguu unatoka, kiatu kinakanyaga chini. Steringi anavua miwani, anapanda ngazi, anaingia sebuleni, anakaa kwenye sofa. Kinanda kinalia muda wote huo. Hakuna kilichotokea.

Watu walisema ni ushamba wa waongozaji, na mimi siafiki. Sababu kubwa ilikuwa biashara. Hadithi moja iliuzwa kwa sehemu mbili, Part One na Part Two, kila moja na kasha lake na bei yake. Hadithi inayotosha saa moja na nusu ikalazimika kuenea sehemu zote mbili, na kwa kuwa mwandishi hakuongezewa muda wa kuandika, kilichoongezwa ni geti. Kamera ilikuwa imeshakodiwa, nyumba ya kifahari ya kuazima ilikuwa imeshapatikana Mbezi au Mikocheni, basi kila ngazi ya nyumba hiyo ilionyeshwa. Taharuki ndiyo aina ya filamu iliyoumia zaidi kwa mtindo huo, kwa sababu taharuki hutaka mtazamaji ajue kidogo na angoje kitu fulani. Pale tulingoja tu.

Katika mazingira hayo ndipo namweka Steven Kanumba, na rekodi ninayompa ni hii: hakuna mwigizaji wa Tanzania aliyeweza kufanya watu wengi kiasi kile wavumilie picha yenye kasoro nyingi kiasi kile. Alizaliwa Shinyanga Januari 8, 1984, akapita Kaole Sanaa Group kwenye michezo ya televisheni, na kufikia 2006 alikuwa amevuka mipaka na Dar 2 Lagos. Halafu zikafuatana nyingi, moja baada ya nyingine, zikiwemo Oprah ya 2008 na Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria.

Devil Kingdom ni mfano mzuri wa ninachokisema. Ni picha ya nguvu za giza, ina nia ya kutisha, na inachukua muda mrefu mno kufika inakokwenda. Nouah alikuja na jina kubwa kuliko la mwenyeji wake. Lakini mtazame Kanumba anapomsikiliza mwenzake. Waigizaji wengi wa kipindi kile walikuwa wakingoja zamu yao ya kusema. Unawaona kabisa wanahesabu maneno ya mwenzao. Kanumba alisikiliza. Taarifa mbaya ikimfikia, kwanza macho yanasimama, halafu mdomo unafunguka kidogo kama anayetaka kukanusha, kisha anaufunga. Ni kitu kidogo sana. Kwenye banda lenye kelele kilitosha kumnyamazisha mtu wa benchi la nyuma, na huyo mtu hakuwa mwepesi wa kunyamaza.

Kasoro zake mwenyewe zilikuwepo. Kiingereza alichopenda kukichanganya kilimkwaza, na alichekwa kwa hilo kuliko alivyostahili. Wakati mwingine machozi yalikuja mapema, kabla hadithi haijayalipia. Nayajua hayo na bado namweka hapa.

Alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Siku tatu baadaye mwili wake ulipelekwa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kuagwa. Watu walifurika hadi wengi hawakulifikia jeneza, wengine walizimia, na maziko yakafanyika makaburi ya Kinondoni. Sijaona umati kama ule kwa mwigizaji mwingine yeyote wa nchi hii. Kutoka Temeke watu walipanda daladala za kuunganisha, wakatembea vipande vilivyobaki kwa miguu, kwenda kumuaga mtu waliyemjua kupitia picha ambazo wao wenyewe walikuwa wamezikosoa kwa sauti kubwa.

Dikteta mmoja, waigizaji wawili

Wapo wazee Temeke waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 wakarudi 1979, na mbele yao huwezi kuweka filamu ya Idi Amin ukategemea watazame kwa adabu. Wanabishana na televisheni. Kwa hiyo wanajua, kuliko wahakiki wengi, ni nani aliyemcheza vizuri.

Mkenya Joseph Olita anashika rekodi ya aina yake: alimcheza Amin mara mbili, katika filamu mbili zilizopishana miaka kumi. Ya kwanza ilikuwa Rise and Fall of Idi Amin ya 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel. Ni filamu mbovu kwa vipimo vingi. Inarundika ukatili mmoja juu ya mwingine bila kuunganisha, watu wanaingia na kufa kabla hujajua majina yao, na inaamini kila uvumi uliowahi kusemwa. Ila Olita anatisha kweli. Kicheko chake kinakuja sekunde moja mapema kuliko kinavyotarajiwa, na kinapokatika hujui kinachofuata ni zawadi au risasi. Mwaka 1991 Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala na kumhitaji Amin kwa muda mfupi tu, alimrudia yeye yule. Olita alifariki 2014, na kwa maoni yangu Afrika Mashariki haikumpa heshima aliyostahili.

Heshima ilikwenda kwa Forest Whitaker. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya The Last King of Scotland, picha ikapigwa Uganda kwenyewe, na Februari 2007 akapokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa nne kuipata baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Hiyo ndiyo tuzo kubwa zaidi kuwahi kutolewa kwa kumwigiza mtu wa Afrika Mashariki. Filamu yenyewe ina tatizo kubwa: katikati yake amewekwa daktari wa kubuni kutoka Scotland, Waganda wamegeuzwa kuwa watu wa nyuma katika msiba wao wenyewe, na nusu ya muda tunamfuata kijana huyo kwenye mapenzi na dhambi zake. Whitaker akitoka kwenye picha, picha inapungua uzito papo hapo. Akirudi, hata akiwa amekaa tu anacheka na wageni wake, unamtafuta mlinzi aliye karibu naye uone kama naye anaogopa.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mpiganaji, ukimuuliza yupi zaidi hajibu upesi. Anasema Whitaker alimcheza mtu, Olita aliicheza hofu yake. Mimi nampa Whitaker, lakini kwa tofauti ndogo kuliko tuzo zinavyoonyesha.

Kusubiri kurefu zaidi

Saa 18, ndani ya gari la wagonjwa. Mwaka 2015 majeruhi wa ajali alizungushwa Nairobi ndani ya ambulansi kwa muda huo, kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafariki. Kevin Njue akaitengenezea filamu, 18 Hours, iliyotoka 2017. Jambo lenyewe ni la kusubiri, hivyo filamu haiwezi kukimbia, na hapa na pale inarudia lile lile kama imeishiwa. Nick Ndeda, akiwa mhudumu kijana ndani ya gari, ndiye anayeishikilia. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kutwaa tuzo ya filamu bora ya jumla kwenye tuzo za filamu na televisheni za Afrika, AMVCA, kule Lagos.

40 Sticks, nayo ya Kenya, ya 2020, inabana muda wake kwenye usiku mmoja: basi la wafungwa limepinduka msituni na kuna muuaji. Robert Agengo anafanya kila awezalo. Giza ni jingi mno na wenzake wanafanana mno.

Nairobi Half Life siiweki kwenye kundi la picha zinazosuasua, maana inakimbia, ila siwezi kuandika orodha ya masteringi wa ukanda huu nikamruka Joseph Wairimu. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, anashuka Nairobi na kuporwa kila kitu saa ile ile. Mwaka 2012 Wairimu, aliyekuwa hajulikani, alichukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban, na filamu ikawa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Kule selo anapolazimishwa kusafisha choo kichafu, anakigeuza kipigo kuwa mchezo wa jukwaani ili asivunjike. Benchi letu la nyuma lilimpenda kwa hapo tu.

Mtu mmoja, nyuso mbili

Lupita Nyong'o alikuwa ameshachukua Oscar yake ya 2014 kwa 12 Years a Slave, Mkenya wa kwanza kuipata, mwongozaji Jordan Peele alipompa nafasi mbili katika filamu ya Us. Ilipotoka Machi 2019 iliingiza dola milioni 71 Marekani katika wikiendi ya kwanza, ufunguzi mkubwa kuliko filamu yoyote ya kutisha yenye hadithi mpya kabla yake. Ukikaa chini kuihoji hadithi hiyo haisimami. Maelfu ya watu chini ya ardhi, pacha wa walio juu, wanakula nini, nguo nyekundu wameshonewa na nani, hakuna jibu la kuridhisha, na hotuba ya maelezo karibu na mwisho inasimamisha kila kitu.

Anayeitoa hotuba hiyo ni Lupita, kwa sauti iliyokwaruzwa, inayovutwa ndani badala ya kutolewa nje, na wakati huo huo anayeisikiliza kwa hofu ni Lupita huyo huyo. Mmoja anatembea kama mama wa watoto wawili aliyechoka, mwingine mgongo umenyooka na hatua zimepimwa. Wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Oscar haikumtaja hata kwenye walioteuliwa, na hilo mpaka leo naliona ni kosa. Nimewahi kuona Us kwa nakala iliyotafsiriwa, na mtafsiri, fundi kweli, alipofika kwenye hotuba ile aliiacha sauti ya Lupita ipite.

Aliyeibiwa picha na msaidizi wake

Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa na tamasha lile. Zanzibar ya miaka ya 1950: Denge anapinga wakoloni, Yasmini ametoroka ndoa aliyolazimishwa, polisi wako nyuma yao. Gudrun Columbus Mwanyika na Ikhlas Gafur Vora wanacheza kwa utulivu mkubwa, na kamera inaupenda utulivu huo kupita kiasi. Hatari inayowafuata inasahaulika kwa dakika nyingi. Vora amefanya kazi nzuri ya msichana anayejifunza kusema hapana. Lakini Siti Amina, mwanamuziki, akiingia kama Mwajuma, mapigo ya moyo ya filamu yanabadilika. Anatembea kwa kasi ya mji. Anatania, anaimba, anahofia polisi kweli kweli. Nilitamani picha imfuate yeye akitoka mlangoni.

Nafasi moja imebaki wazi kwenye orodha yangu, ya filamu bora ya taharuki iliyopigwa Kurasini, na siijazi kwa sababu bado sijaiona. Mahali pako tayari. Kuna gati la mafuta, kuna foleni za malori usiku, kuna mitaa iliyolipwa fidia ikabomolewa kupisha shughuli za bandari na mradi wa kituo cha biashara, na tangu Aprili 2016 kuna daraja la mita 680 la kwenda Kigamboni, lenye taa upande hadi upande. Hadithi ya mtu aliyerudi kutafuta nyumba ya mama yake akakuta ukuta na mlinzi haihitaji hata bastola.

Ningempa Salim Ahmed, Gabo Zigamba, aliyechukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ya EATV mwaka 2016 kwa Safari ya Gwalu. Ana uso wa mtu aliyekwishachoka kuomba, na ni mmoja wa wachache wetu wanaoweza kutembea umbali mrefu mbele ya kamera bila kuonyesha kwamba wanajua kamera ipo. Mwongozaji amruhusu atembee. Geti la kufungua taratibu lipo pale pale, la chuma, refu, na safari hii mlinzi akichelewa kulifungua tutataka kujua kwa nini.